Mtoto wa zizini: joki wa mbio za kuruka aliyemaliza punguzo lake nyumbani

Kisa hiki ni cha joki wa mbio za kuruka nchini Uingereza, aliyezaliwa katika ukoo wa farasi. Tutamwita A. Majina ya watu, farasi na viwanja vya kisa yameondolewa, na baadhi ya mambo yamebadilishwa kidogo ili asitambulike. Mifupa iliyovunjika si kiini cha uchambuzi huu, ingawa imo. Swali ni aliutumiaje mtaji aliopewa na kanuni akiwa na miaka 18, yaani punguzo la uzito la joki mwanagenzi, na kwa nini mtaji huo ulipokwisha simu ikanyamaza.

Mazingira

Aliyewahi kwenda Ngong, Nairobi, ameona mbio za uwanja mtupu: geti linafunguka, farasi wanapiga shoti, dakika mbili hazijaisha watu wanageukia tiketi zao. Mbio za kuruka ni kazi nyingine. Masafa yanaanzia maili 2, yaani kama kilometa 3.2, na mengine yanapita maili 4. Njiani kuna viunzi vyepesi vya kimo cha sentimita 107 ambavyo farasi akivigonga vinalala, na kuna vizuizi vya fito vilivyoshindiliwa, visivyopungua sentimita 137, ambavyo havilali. Kwa wastani joki wa kuruka huanguka mara moja katika kila mara 15 hadi 20 anazopanda. Kwa hiyo anayepanda mara 200 kwa msimu ajue ataonja majani mara kumi au zaidi.

Babu yake A alikuwa joki. Baba alikuwa joki, akavunjika nyonga, akageuka mkufunzi mwenye zizi la farasi 28. Mama alishika vitabu vya hesabu, aliwaandikisha farasi mbioni na kupiga simu. Dada mkubwa alipanda kwa ridhaa, bila malipo. A mwenyewe alianza na mbio za farasi poni akiwa mdogo, akaingia mbio za ridhaa za mashambani mara alipotimiza miaka 16, umri wa chini unaoruhusiwa. Akiwa na miaka 18 alipata leseni ya mwanagenzi, na mwajiri aliyeandikwa kwenye leseni ile alikuwa baba yake.

Jambo moja la mwili wake lina uzito katika kisa hiki, kwa maana zote mbili: alikuwa na urefu wa sentimita 178. Kwa mbio za kuruka si ajabu, lakini kwa mwanagenzi ni gharama, kama itakavyoonekana.

Punguzo lenyewe

Katika mbio za kupangiwa uzito, farasi bora hubebeshwa zaidi ili dhaifu naye apate nafasi. Joki mwanagenzi hupunguziwa uzito huo: ratili 7 mpaka afikishe ushindi mara 20, ratili 5 mpaka mara 40, ratili 3 mpaka mara 75. Akivuka 75, au akitimiza miaka 26, anabeba sawa na bingwa. Ratili 7 ni kilo 3.2 tu, lakini watu wa kazi hii huhesabu kwamba kwenye maili 3 ratili moja ni sawa na urefu wa farasi mmoja. Mkufunzi akimweka mwanagenzi anayejua kupanda, amepewa urefu wa farasi saba kabla kamba ya kuanzia haijaachiwa.

Ndiyo maana mwanagenzi mzuri hugombewa. Na ndiyo maana tunaliita punguzo mtaji. Ajabu ya mtaji huu ni kwamba kila ushindi unaulisha jina lako na papo hapo unaula mtaji wenyewe. Ushindi wa mbio ndogo ya Jumatatu yenye farasi watano unahesabiwa mmoja, sawasawa na ushindi wa Jumamosi mbele ya kamera za televisheni.

Hapa urefu wa A unaingia. Uzito wa mizanini hujumlisha mwili, tandiko, nguo na viatu. Hata akila kwa kupimiwa hakuweza kushuka chini ya ratili 144 (kilo 65.3), yaani mwili wenyewe kilo 62 na ushei. Farasi aliyepangiwa ratili 160 akashuka hadi 153 hakuwa na shida naye. Lakini farasi aliyepangiwa ratili 146 angepaswa kushuka hadi 139, na A angempandia kwa 144. Ratili 5 kati ya zile 7 zinapotea hewani. Kwa lugha nyepesi, punguzo lake lilifaa kwa farasi wazito wa juu ya orodha tu, na farasi hao wamejaa kwenye mazizi makubwa. Kwa baba walikuwa wanne au watano.

Mambo yalivyofuatana

Msimu wa kwanza alipanda mara 74 akashinda mara 9. Wa pili mara 138, ushindi 16. Wa tatu mara 214, ushindi 22. Wa nne mara 310, ushindi 34. Anayesoma safu hiyo ya namba ataona kijana anayepanda ngazi, na ndivyo familia ilivyoona. Safu ambayo hakuna aliyeiandika ni hii: kati ya ushindi wote 81, 58 zilitoka zizi la baba, nyingi kwenye mbio za daraja la chini.

Mwishoni mwa msimu wa kwanza, mkufunzi mwenye farasi zaidi ya mia alimwita. Kazi ilikuwa kumpanda farasi yeyote asubuhi, kusafisha vyumba vitatu vya farasi, na mbioni kupewa wale ambao joki wa kwanza na wa pili wamewaacha. A alikataa.

Machi ya msimu wa nne alifikisha ushindi wa 75. Nyumbani walifungua chupa. Msimu uliofuata alipanda mara 205, ushindi 14.

Novemba ya msimu huo wa tano, asubuhi yenye umande, alikuwa akimfundisha farasi wa miaka 4 kuruka. Viunzi vinne vilikuwa vimepangwa kwenye mteremko nyuma ya nyumba. Vya kwanza viwili vilipita vizuri. Kwenye cha tatu farasi aliondoka ardhini mapema mno, hatua nzima kabla ya mahali pake, miguu ya mbele ikanasa ubao wa juu. A alitangulia juu ya shingo, bega likafika, kisha kichwa. Dada aliyekuwa akifuata nyuma alisema baadaye kwamba A hakujibu kwa muda wa kama kuhesabu hadi kumi. Alipoinuka alimwuliza dada mara mbili kama farasi ameumia, kwa maneno yaleyale.

Baba alishuka kwenye gari, akamtazama machoni, akamwuliza kama anaona vizuri. A akasema anaona. Kofia ngumu ikarudi kwenye msumari wake.

Siku mbili baadaye alikuwa mbioni. Kwenye kizuizi cha sita farasi alihitaji kuambiwa afupishe hatua, A hakumwambia kitu, wakaanguka wote. Daktari wa uwanja alimkagua, kama kila joki aliyeanguka anavyokaguliwa kabla ya kuruhusiwa kupanda tena, akaandika kwenye rekodi yake ya afya kwamba amesimamishwa kwa mtikisiko wa ubongo. Alipofanyiwa kipimo cha kumbukumbu na kasi ya kujibu, majibu yakalinganishwa na kipimo cha msingi ambacho kila joki hufanyiwa akiwa mzima, tofauti ilikuwa kubwa kuliko mwanguko ule mmoja ungeeleza. Daktari akauliza. Dada ndiye aliyesema habari ya Novemba asubuhi, na ndiye aliyeitoa ile kofia msumarini. Chini ya kitambaa cha rangi palikuwa na ufa wa urefu wa ukucha. Kofia iliyopata kishindo hutupwa hata ikionekana nzima, kwa sababu povu la ndani likishabonyea halizuii tena. Hii A alikuwa amepanda nayo mbioni.

Alikaa nje wiki saba.

Maamuzi, na sababu zake

Kukataa zizi kubwa hakukuwa upumbavu, na ni rahisi kumhukumu kijana baada ya matokeo. Kwa baba alikuwa na uhakika wa kupanda, kule angengoja. Kwa baba alijua kila farasi tangu alipokuwa mwana farasi. Tena zizi lilikuwa na upungufu wa watu, na A asingeondoka bila mtu kulipwa mahali pake. Sababu hii ya tatu ndiyo iliyoamua, na ndiyo pekee isiyohusu ujoki wake. Familia ilijadili jambo la kazi yake kwa hesabu ya mahitaji ya zizi bila yeyote kuona kwamba hayo ni mambo mawili.

Uamuzi wa pili haukuwahi kuonekana kuwa uamuzi: mama ndiye aliyemtafutia nafasi za kupanda. Kazi ya wakala wa joki ina saa zake. Nchini Uingereza mkufunzi wa mbio za kuruka huthibitisha farasi wake kabla ya saa 4 asubuhi ya siku moja kabla ya mbio, na jina la joki linatakiwa kabla ya saa 7 mchana. Biashara yote huiva katika saa hizo tatu. Joki wa fulani ameumia, wa fulani amechagua uwanja mwingine, nafasi inaachwa wazi na anayeipata ni aliyepiga simu dakika ile. Mama saa hizo alikuwa akithibitisha farasi wa zizi, akipokea mzigo wa nyasi, akimsubiri mpiga kwato. Alipiga simu saa 6, wakati mwingine baada ya chakula. Wakufunzi walimheshimu, wakamwambia ukweli: nafasi imeshachukuliwa.

Tena kuna aibu ndogo ambayo wenye kazi wanaijua. Mkufunzi hataki kumwambia mama kwamba mwanawe alimpanda vibaya farasi wake Alhamisi iliyopita. Wakala angeambiwa hivyo kwa maneno mafupi, na A angejua. Badala yake simu hazikurudi, na nyumbani wakadhani ni bahati mbaya.

Uamuzi wa tatu, kupanda baada ya ajali ya nyumbani, ulifanywa na watu wawili ndani ya nusu dakika. A alikuwa amepoteza punguzo miezi minane kabla na kila nafasi ilikuwa ya thamani. Ada ya kupanda mbio za kuruka iko karibu na pauni 200, pamoja na asilimia ya zawadi farasi akishinda au akimaliza miongoni mwa wa mbele. Mara 205 kwa msimu ni kama pauni 41,000 kabla ya makato. Humo mnatoka asilimia 10 ya wakala kwa mwenye wakala, malipo ya mhudumu wa chumba cha majoki anayesafisha matandiko na kupanga nguo, na mafuta ya gari. A aliendesha kilometa zaidi ya 55,000 msimu ule. Akisimama wiki tatu, hana mshahara wa kumngoja. Baba kwa upande wake alikuwa na farasi wawili wa mteja mkubwa wiki ile. Hakuna aliyemshurutisha mwenzake. Wote wawili walitaka jibu lilelile, na hapakuwa na mtu wa tatu wa kuuliza.

Wiki saba, na baada yake

Mazoezi ya kurudi aliyafanya katika mojawapo ya vituo vya Injured Jockeys Fund, mfuko ulioanzishwa mwaka 1964 baada ya majoki wawili, Tim Brookshaw na Paddy Farrell, kupooza kwa kuanguka. Mfuko huo una nyumba tatu za tiba ya viungo: Oaksey House huko Lambourn, Jack Berry House huko Malton na Peter O'Sullevan House huko Newmarket. Huko hupandishwa farasi wa bandia anayesukumwa na mota, na mtu wa tiba husimama kando akitazama nyonga na mgongo.

Kilichomsaidia zaidi, kwa maoni yetu, ni kocha. Majoki vijana wa Uingereza huwekewa kocha ambaye mara nyingi ni joki mstaafu. Huyu alikaa naye kutazama picha za mbio arobaini, akizisimamisha kila kizuizi hatua nne kabla ya kuruka. Wakaona jambo moja likijirudia. Farasi wa nyumbani wanapokaribia kizuizi, mikono ya A inatulia kabisa juu ya mabega ya farasi na farasi anajipangia hatua mwenyewe. Anaonekana maridadi. Farasi wa watu wengine, hasa wachanga, wanapokaribia wakiwa kati ya hatua mbili, mikono inatulia vilevile, na farasi ama anaingia karibu mno akagonga kwa kifua, ama anaruka mbali kama yule wa Novemba.

Kwa maneno mengine, farasi wazee wa baba walikuwa wamemfundisha kukaa. Kumsaidia farasi asiyejua hawakumfundisha, kwa sababu hawakuhitaji. Hiyo ndiyo elimu ambayo angeipata akipanda farasi tofauti saba kila asubuhi kwenye zizi la farasi mia.

Mazoezi waliyopanga yalikuwa haya. Mara tatu kwa wiki, magogo mafupi ya sentimita 50 yaliyowekwa kwa nafasi zisizolingana, mwendo wa matiti kwanza, yaani mkimbio mwepesi wa farasi, kisha shoti ya polepole, na A anataja kwa sauti idadi ya hatua zilizobaki: nne, tatu, mbili. Akikosea kuhesabu, anarudia bila kuongeza kasi. Vikuku, vile vyuma vya kukanyagia, vilishushwa tundu mbili, kwa kuwa alikuwa anapanda kwa miguu mifupi mno kuiga majoki wa uwanja mtupu, na mrefu wa kiasi chake akifupisha hivyo hana cha kushikia farasi akijikwaa. Wiki ya tano alianza kuhesabu sawa. Mambo ya uzito nayo yaliguswa: alizoea kukaa kwenye maji ya moto yenye chumvi ili atoe kilo mbili usiku wa kuamkia mbio. Vyumba vya mvuke viwanjani vilikuwa vimefungwa tangu 2020 na mwaka uliofuata ikaamuliwa visirejeshwe, hivyo majoki wengi walihamishia zoea hilo bafuni kwao. Mtaalamu wa lishe alimkatalia kilo ya pili. Ubongo uliotoka kutikisika, juu yake mwili uliokauka maji, ni kuomba kuanguka tena.

Aliporudi hakurudi nyumbani. Alichukua kazi ya joki wa pili kwenye zizi lililo mwendo wa saa mbili, akaandikisha wakala wa kulipwa.

Matokeo

Msimu wa pili baada ya kuhama alipanda mara 268 akashinda mara 31, bila punguzo lolote. Si bingwa na huenda asiwe. Kati ya hizo 268, mara 29 tu alipanda farasi wa baba. Zizi la baba lilipungua hadi farasi 22, na dada alichukua leseni ya kulipwa.

Uchambuzi

Ukoo ulimpa A vitu ambavyo havinunuliwi. Mtoto aliyekulia zizini anasikia farasi akichechemea kabla hajamwona, anajua mguu wenye joto kwa kuushika, na akishuka baada ya mbio anamwambia mkufunzi kitu cha maana kuliko "alichoka". Wakufunzi wa zizi jipya walisema hivyo wiki ya kwanza.

Lakini ukoo haukumpa mwajiri. Tuangalie familia zinazojulikana. Sean Bowen ni mtoto wa Peter Bowen, aliyefunza farasi Wales, na bado ubingwa wake wa wanagenzi wa msimu wa 2014/15 aliupata akiwa ameajiriwa na Paul Nicholls, zizi kubwa la mbali na kwao. Msimu wa 2024/25 akawa bingwa wa majoki wote. Mdogo wake James alikwenda kwa Nicky Henderson. Ruby Walsh alishinda Grand National, mbio ya kuruka mashuhuri kuliko zote Uingereza, ya mwaka 2000 na Papillon, farasi aliyefunzwa na baba yake Ted, lakini kazi yake ya kila siku ilikuwa kwa Willie Mullins na Nicholls. Anayeweza kupinga atamtaja Patrick Mullins, aliyebaki kwa baba yake, huyo huyo Willie, na akashinda Grand National ya 2025 na Nick Rockett. Ni kweli. Ila yeye ni wa ridhaa, na zizi la baba yake ndilo kubwa kuliko yote Ireland. Kubaki nyumbani penye farasi 28, wengi wao wa daraja la chini, ni jambo jingine.

Kwa hesabu yetu, A angeondoka alipokaribia ushindi wa 20, akiwa bado na ratili 5 na 3 mbele yake. Hapo angekuwa amekwisha kuonekana, na sehemu nono ya mtaji ingetumika kwa farasi wa juu ya orodha wanaomfaa mtu wa urefu wake. Kuondoka siku ya kwanza kungekuwa mapema mno. Zizi kubwa lina wanagenzi wanne au watano, na kijana asiye na ushindi hupotea humo.

Kosa zito kuliko yote ni la kofia, na kanuni haikulifikia. Uwanjani gari la wagonjwa hufuata farasi kizuizi kwa kizuizi na daktari ana mamlaka ya kumsimamisha joki bila kumwuliza yeyote. Nyumbani asubuhi mamlaka hayo anayo mkufunzi. Katika mazizi mengi mkufunzi naye ana sababu ya kutaka joki apande. Pale kwa A alikuwa pia baba, na mtoto humjibu baba anachotaka kusikia.

Siku hizi pale nyumbani kuna daftari jekundu limefungwa kwa uzi mlangoni pa chumba cha matandiko. Kila aliyeanguka huandikwa humo, saa na namba ya kofia, na kofia hukatwa mkanda papo hapo. Mwenye kutia sahihi ni dada. Baba haruhusiwi kuishika kalamu.